Historia ya gari la vita huanza kusomwa kwenye chuma

GARI dogo aina ya Jeep, lililopakwa rangi ya kijani, lenye nyota nyeupe kwenye boneti na namba za kikosi kwenye bampa, huuzwa kwa bei kubwa zaidi likisemekana kuwa lilishuka katika ufukwe wa Normandy, Ufaransa, Juni 6, 1944. Lakini nyota na namba hizo ni rangi tu, na rangi yeyote anaweza kuipaka.

Hilo ndilo tatizo linalowakabili wanunuzi wa magari ya zamani ya kijeshi huko Ulaya na Marekani. Mtu anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya historia ya gari anapaswa kujua jinsi historia hiyo inavyothibitishwa. Vinginevyo, atakuwa amenunua maneno ya muuzaji.

Kati ya mwaka 1941 na 1945, kampuni za Willys na Ford zilitengeneza zaidi ya Jeep 600,000 kwa ajili ya majeshi ya Marekani na washirika wake. Zote mbili zilifuata mchoro mmoja ili vipuri vya gari moja viweze kufungwa katika jingine. Mpango huo uliwasaidia sana mafundi waliokuwa vitani, lakini umewaachia fumbo wanaotaka kujua leo gari fulani lilitoka wapi na lilipitia mikono gani.

Namba ya fremu

Uchunguzi huanzia kwenye fremu, kwa sababu ndiyo sehemu iliyobadilishwa kwa nadra. Katika Jeep za Ford, namba ilipigwa kwa nyundo juu ya fremu, upande wa kushoto, karibu na kiegemeo cha injini. Willys walitumia kibati kidogo kilichofungwa kwa ribiti upande wa ndani wa fremu ya kushoto, nyuma ya bampa la mbele.

Vipo pia vibati vya maelezo kwenye dashibodi, vinavyotaja mtengenezaji, namba ya gari na tarehe lilipokabidhiwa kwa jeshi. Hata hivyo, vibati vya kuigiza vinatengenezwa na kuuzwa waziwazi. Kwa sababu hiyo, kibati peke yake si ushahidi. Ni lazima kikubaliane na namba iliyo kwenye fremu.

Tarehe hiyo huweza kumaliza ubishi mara moja. Tuseme muuzaji anadai gari lake lilishiriki mashambulizi ya Normandy, lakini namba ya fremu inaonyesha kuwa lilitoka kiwandani Oktoba 1944. Gari hilo halikuwapo duniani siku ya mashambulizi, hata kama limepakwa alama nzuri namna gani.

Rangi chini ya rangi

Jeshi la Marekani liliandika namba ya usajili kwenye pande za boneti, na namba za Jeep zilianza na tarakimu 20. Mwanzoni ziliandikwa kwa rangi ya buluu iliyofifia, na baadaye kwa rangi nyeupe. Namba hizo mara nyingi bado zipo, zimefunikwa na rangi zilizopakwa miaka iliyofuata.

Wataalamu huitafuta namba hiyo kwa kusugua taratibu kwa msasa laini wenye maji, tabaka moja baada ya jingine. Mwenye gari anayeharakisha kulikwangua lote hadi chuma kitupu hupata bodi safi, lakini hufuta kumbukumbu ambayo haitarudi.

Maandishi ya kwenye bampa nayo yana utaratibu wake. Kwa anayelitazama gari kwa mbele, kushoto huandikwa kikosi kikuu, kisha kikosi kilicho chini yake, halafu kombania, na mwisho namba ya gari katika kombania hiyo. Alama zisizofuata mpangilio huo zinapaswa kutiliwa shaka.

Mkono wa fundi

Historia ya matengenezo ni ngumu zaidi kuifuatilia. Wakati wa vita, Jeshi la Marekani liligawa matengenezo katika ngazi 5. Ya kwanza ilikuwa ya dereva mwenyewe, aliyekagua mafuta, maji na matairi. Ya mwisho ilikuwa ya karakana kuu, ambako gari lilifunguliwa lote na kuundwa upya.

Katika ngazi za juu, hakuna aliyejali kurudisha injini kwenye gari lake la awali. Iliyokuwa tayari ndiyo iliyofungwa. Ndiyo maana leo hukutwa fremu ya Willys yenye injini ya Ford. Kampuni ya Ford iliweka herufi F kwenye vipuri vyake, hata kwenye boliti, na alama hiyo humsaidia mchunguzi kutambua kilichobadilishwa.

Baada ya vita, jeshi la Ufaransa liliziunda upya Jeep nyingi katika karakana yake ya La Maltournée. Huko fremu ya mwaka 1942 iliweza kufungwa bodi ya mwaka 1944. Baadhi ya magari hayo bado yana kibati cha karakana hiyo, na kibati hicho ni sehemu halali ya historia ya gari.

Kadi za Uingereza

Wenye magari ya jeshi la Uingereza yaliyotumika baada ya vita wana nafuu. Mwaka 1949 jeshi hilo lilianza mtindo mpya wa namba za usajili, wenye tarakimu mbili, herufi mbili, kisha tarakimu mbili. Magari yaliandikiwa kadi za kumbukumbu, na nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya kikosi cha Royal Logistic Corps.

Kadi huonyesha namba ya chasi, mkataba wa ununuzi, bohari na vikosi ambako gari lilipelekwa, na tarehe lilipoondolewa jeshini. Kwa wenye Land Rover, makumbusho ya magari ya Gaydon nayo hutoa cheti kinachotokana na daftari za kiwanda, chenye tarehe ya kutengenezwa na mahali gari lilikopelekwa kwanza.

Pamoja na hayo, kadi ina mipaka yake. Inasema gari lilikuwa la kikosi gani, lakini haisemi nani aliliendesha wala lilipigwa risasi wapi. Kwa hayo, mtafiti hulazimika kusoma shajara za vita za vikosi, zikiwamo zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, au kutafuta picha za wakati ule ambazo namba ya gari inasomeka.

Udanganyifu mkubwa zaidi ni ule wa kukata kipande cha fremu chenye namba na kukichomelea kwenye fremu nyingine. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai, na mnunuzi asiyejua huweza kunyang'anywa gari. Alama za uchomeleaji karibu na namba zinatosha kumfanya mtu asimamishe malipo hadi apate maelezo.

Kwa upande mwingine, injini isiyolingana na fremu isimtishe mnunuzi. Gari lililofanya kazi vitani liliharibika na likatengenezwa kwa vipuri vilivyopatikana. Linalohitaji maswali zaidi ni lile ambalo kila kibati, kila namba na kila boliti vinalingana, kana kwamba halijawahi kuguswa na fundi.