Fahamu: Mercedes-Benz EQS na BMW i7 zimetofautiana wapi?

Miongoni mwa magari ya fahari ya umeme yatokayo Ujerumani, mawili yastahili kutazamwa kwa makini, kwani yameikusudia raha ileile kwa njia mbalimbali: Mercedes-Benz EQS, iliyodhihirishwa mwaka 2021, na BMW i7, iliyofuata mwaka 2022.

EQS ilisanifiwa tangu msingi wake iwe ya umeme tu. Na kwa kuwa katika mwendo wa kasi upepo ndio ulao nishati nyingi, umbo lake likafanywa kama upinde mmoja toka mbele hata nyuma, kipimo cha ukinzani wa hewa kikashuka hadi 0.20, ilhali cha i7 ni 0.24.

BMW ilihiari kuishirikisha i7 bodi moja na ndugu zake wa petroli na dizeli, ikabakiza boneti ndefu na kimo cha heshima. Lakini hekima yake imo katika mota: badala ya sumaku za kudumu, ambazo EQS huzitumia, rota yake hupata usumaku kwa umeme upitao katika nyaya, wala haihitaji madini adimu.

Basi athaminiye wepesi wa kupasua hewa, EQS yamfaa. Na apendaye staha ya umbo la kale pamoja na mota isiyotegemea madini hayo, i7 ndiyo yake.