Tarakimu Pweke Haina Maana

Katika mchezo wa besiboli, unaopendwa mno nchini Marekani, aghalabu mpigaji huhukumiwa kwa tarakimu moja: mapigo yaliyomfikisha salama kituoni, yakigawanywa kwa zamu zake za kupiga zinazohesabiwa. Apataye mapigo 300 katika kila zamu 1,000 husifiwa kuwa stadi. Naam, hata stadi hushindwa mara saba katika kila kumi.

Hebu tuwatazame mabingwa wawili. Mnamo 1930, Bill Terry wa New York Giants aliongoza Ligi ya Taifa kwa mapigo 254 katika zamu 633, yaani 401 kwa kila 1,000. Mnamo 1968, Carl Yastrzemski wa Boston Red Sox aliongoza Ligi ya Amerika kwa mapigo 162 katika zamu 539, yaani 301. Kabla yake, hapakuwa na bingwa wa ligi hizo aliyetwaa taji kwa kiwango cha chini kama hicho. Mtazamaji wa haraka atasema Yastrzemski aliokota taji lililoanguka njiani.

Lakini je, wenzao walipiga vipi? Wastani wa Ligi ya Taifa nzima mwaka 1930 ulikuwa 303. Mpigaji wa kawaida wa mwaka huo aliipita tarakimu iliyompa Yastrzemski ubingwa! Timu ya Philadelphia Phillies ilipiga 315, na bado ikashika mkia. Mwaka 1968, kinyume chake, wastani wa Ligi ya Amerika ulikuwa 230 tu. Warushaji walitawala: walisimama juu ya tuta la inchi 15, na eneo halali la kurushia mpira lilikuwa limepanuliwa tangu 1963. Hali ilikuwa ngumu hata wakuu wa mchezo wakalishusha tuta hadi inchi 10 mwaka 1969 na kulipunguza eneo hilo.

Sasa tupige hesabu. Terry aliwazidi wenzake kwa takriban asilimia 32. Yastrzemski kwa takriban asilimia 31. Pengo la mapigo 100 limeyeyuka kama umande. Kadhalika jumla ya maisha yao uwanjani, 341 kwa Terry na 285 kwa Yastrzemski aliyecheza misimu 23, yafaa ipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Terry atabaki mbele, ila si kwa umbali unaoonekana machoni.

Sisi wanaisimu twajua kwamba neno hupata maana kutokana na maneno yanayolizunguka. Tarakimu nayo ni vivyo hivyo. Hata hivyo, nakiri kwamba elimu hiyo ilinitoka siku mwanangu alipoleta nyumbani alama 48 za Hisabati. Nilimkaripia vikali. Alipokwisha kulia, aliniuliza kwa upole, “Baba, mbona hukuuliza wengine walipata ngapi?” Wastani wa darasa ulikuwa 31. Nilikuwa nimemwadhibu mmoja wa waliojitahidi kuliko wote.

Sisemi wastani ni kichaka cha kujifichia. Alama 52 alizozikosa zilibaki kuwa mambo asiyoyajua, na ilimbidi ayasome. Almuradi, kuna maswali mawili: mwanafunzi anajua kiasi gani, na amefanyaje katika hali aliyokuwamo? Alama pekee hujibu la kwanza. La pili halijibiki bila wastani. Mzazi anayepokea ripoti yenye jibu moja tu huenda akamtuza mzembe wa mtihani rahisi na kumvunja moyo mwenye bidii wa mtihani mgumu.

Walimu wenzangu, tuandikeni wastani wa darasa kando ya kila alama. Nanyi wanafunzi, uulizieni. Wahenga walituusia kwamba tukiona vyaelea, vimeundwa. Basi kabla ya kuisifu au kuilaumu tarakimu, tuulize kwanza iliundwa katika bahari gani.