Maamuzi ya Mkutano wa Mtaa na Mizani ya Shura

 

Waumini wa Kariakoo huuliza: je, linaloamuliwa katika mkutano wa mtaa linamlazimu Mwislamu aliyelipinga? Swali ni zito. Mitaa hii imejaa maduka, misikiti, mali za wakfu na wachuuzi waliopanga bidhaa chini, na uamuzi mmoja waweza kumnufaisha huyu ukamdhuru yule.

Katiba ya Tanzania, ibara za 145 na 146, imeweka serikali za mitaa ili madaraka yawafikie wananchi. Mkutano wa mtaa huwakusanya wakazi watu wazima chini ya mwenyekiti waliyemchagua, kama walivyochagua Novemba 27, 2024. Hautungi sheria ndogo. Hiyo ni kazi ya halmashauri ya jiji.

Ama dalili iliyo karibu zaidi na swali letu ni Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Rai ya Mtume (S.A.W) ilikuwa kubaki Madina. Wengi, hususan vijana waliokosa Badr, walitaka kutoka. Akaingia nyumbani, akavaa deraya. Walipojuta na kumwachia aamue atakavyo, hakurudi nyuma. Njiani Abdullah bin Ubayy akageuza na watu wapatao 300, akilalamika kuwa rai yake imeachwa. Waislamu 70 wakafa mashahidi. Baada ya msiba huo ndipo ikashuka Aal Imran aya ya 159, ambamo Mtume (S.A.W) anaamrishwa kuwasamehe na kushauriana nao. Zingatia, ndugu msomaji: shura haikufutwa kwa sababu rai ya wengi ilileta hasara.

Wanazuoni wamekhitalifiana iwapo shura inamfunga kiongozi au inamwelekeza tu. Kwa mtaa naona khitilafu hii ni nyepesi. Mwenyekiti si khalifa. Ni wakili wa wakazi, na wakili hatendi nje ya alichowakilishwa. Aliyenyoosha mkono kukubali mchango wa ulinzi au wa kuzoa taka ameahidi, naye atimize. Aliyepinga asinyang'anywe mali yake kwa nguvu pasipo sheria, lakini asigeuze njiani kama Ibn Ubayy, kisha usiku alale kwa amani chini ya ulinzi wanaoulipia majirani zake!

Kuhusu njia, Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kuwa asili ya barabara ni kupita. Kukaa hapo kwa biashara kunajuzu maadamu wapitao hawabanwi. Aliyetangulia mahali ana haki zaidi, na akiondoka kwa nia ya kurudi haki yake haipotei, isipokuwa akikawia hadi wateja wake wakazoea kwingine. Wamachinga walipoondolewa barabarani mwaka 2021, wengi walibishana bila kuijua mas'ala hii. Basi mkutano waweza kujadili wapi pamebanwa. Haustahiki kumpa jamaa wa mjumbe nafasi ya aliyetangulia.

Wakfu ni jambo jingine kabisa. Kwa madhehebu ya Shafii, mali iliyowekwa wakfu imetoka katika miliki ya wanadamu. Haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Hata wakazi wote wakinyoosha mikono kuukodisha uwanja wa msikiti kwa manufaa ya mtaa, mikono hiyo haina athari. Imamu asimame pale pale mkutanoni awaeleze, kwa upole, tena akiwa na hati ya wakfu mkononi.