Je, Wajua? Waya wa taa na ampea zake

Taa 10 za LED za wati 9 zikiwaka pamoja katika nyumba ya Mji Mkongwe hazivuti hata nusu ampea: wati 90 gawanya kwa volti 230 ni kama ampea 0.4. Mbona basi fundi hutandaza waya wa 1.5, unaobeba zaidi ya ampea 10?

Kwa sababu waya huchaguliwa kulingana na breka inayoulinda, si taa peke yake. Siku mtu akichomeka birika la wati 2,000 kwenye laini ya taa, zitapita karibu ampea 9. Breka ya ampea 10 haikati. Waya wa 1.5 utahimili, lakini ule mwembamba wa spika, ambao wengine huupenda kwa urahisi wake, utapata moto kupita kiasi huku breka ikitazama tu, na juu yake kuna dari ya boriti za mikoko.

Hiyo 1.5 ni eneo la mkato wa shaba kwa milimita za mraba, si unene. Soketi hupewa 2.5. Joto la Unguja na paipu iliyojaa waya hupunguza ampea ambazo waya unaweza kubeba.

Kabla ya plasta, mwombe fundi akuonyeshe namba iliyoandikwa kwenye ganda.