Mjakazi Aliyeangusha Mtungi

Miaka kama 1,800 iliyopita, katika mji wa Sepphoris huko Galilaya, aliishi mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeitwa Rabi Yehuda. Ndiye aliyekusanya sheria ambazo watu wake walikuwa wakirithishana kwa mdomo, zikawa kitabu kiitwacho Mishna. Basi akaugua, akaugua vibaya. Wanafunzi wake wakafunga, wakakusanyika wakimwombea bila kukoma, kwa imani kwamba sala zisipokatika, mwalimu wao hatakufa.

Nyumbani kwa Rabi kulikuwa na mjakazi. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi uliohifadhi kisa hiki, haukumtaja jina. Mwanzoni naye alipanda darini akaomba bwana wake apone. Lakini yeye alimwona mgonjwa kwa karibu. Alimwona akienda msalani mara kwa mara kwa maumivu ya tumbo, na kila aendapo huvua tefilini, vile vijisanduku vya ngozi vyenye maandiko ambavyo Wayahudi hujifunga kichwani na mkononi, na kila arudipo huvivaa upya, kwa uchungu. Akapanda tena darini. Safari hii akaomba kinyume: walio mbinguni wampokee. Chini huko wanafunzi hawakunyamaza. Ndipo akachukua mtungi akauangusha kutoka juu. Pwaa! Wanafunzi wakashtuka, sala zikakatika kidogo tu, na papo hapo Rabi Yehuda akakata roho.

Haya, wajukuu zangu: je, mjakazi yule alimuua bwana wake?

Msikimbilie kujibu. Watu wenye elimu kubwa wameligeuzageuza swali hilo kwa karne nyingi. Katika karne ya 14, Rabi Nissim wa Girona, Hispania, alikitumia kisa hiki kufundisha kwamba upo wakati inafaa kumwombea mgonjwa afe, pale anapoteseka sana na hana tena njia ya kupona. Karne mbili baadaye, Rabi Moses Isserles wa Kraków, Poland, akaeleza mpaka uko wapi. Mtu aliye katika kukata roho haruhusiwi kuharakishwa, hata kwa kuchomolewa mto chini ya kichwa. Lakini kama jirani anapasua kuni, na mlio wa shoka ndio unaoizuia roho isitoke, mnyamazishe jirani. Na kama ulimini mwa mgonjwa kuna chembe ya chumvi inayomchelewesha, iondoe.

Shikeni mambo mawili hayo, mto na shoka, maana yatatufaa. Kuchomoa mto ni kumsukuma mtu. Kunyamazisha shoka ni kumwachia njia. Familia zinapobishana leo kwenye korido ya hospitali kuhusu mashine ya kupumulia, mara nyingi zinabishania hilo hilo: mashine hii ni mto, au ni shoka?

Wakristo nao walifika hapo. Mwaka 1957, mashine hizo zikiwa bado ngeni hospitalini, madaktari wa dawa za usingizi walimpelekea maswali Papa Pius wa 12. Akawajibu kwamba si lazima kutumia kila njia nzito na isiyo ya kawaida ili kumwongezea mtu pumzi. Tena akasema daktari anaweza kumpa mgonjwa dawa kali ya maumivu hata kama huenda ikamfupishia maisha, mradi nia yake ni kutuliza maumivu na si kuua. Somo hilo Kanisa Katoliki linalifundisha mpaka leo, na papo hapo linakataza kabisa kumuua mgonjwa kwa kumhurumia.

Kwa Waislamu uhai ni amana. Mwenye mali ni Mwenyezi Mungu, na mtu hana ruhusa ya kuurudisha kabla haujadaiwa. Mtume alikataza hata kutamani kifo kwa sababu ya dhiki. Aliyezidiwa alifundishwa kumwomba Mungu amweke hai maadamu uhai una heri kwake, na amfishe ikiwa kufa ndiko kwenye heri. Lakini kipo pia kisa alichokisimulia Ibn Abbas, nacho nakipenda sana. Mwanamke mweusi mwenye kifafa alimwendea Mtume akamwomba amwombee dua, kwa sababu akianguka nguo humfunuka. Mtume akampa hiari: ukitaka subiri, nawe utapata Pepo, ukitaka nitakuombea upone. Akachagua kusubiri. Ila aombewe asifunuke nguo. Wanazuoni wengi wamechukua hapo kwamba kutibiwa si faradhi kwa kila mtu na kila ugonjwa. Na mwaka 1986, mafakihi waliokutana Amman, Jordan, walikubaliana kwamba ubongo ukishakufa kabisa na madaktari wakathibitisha, inajuzu kumwondoa mtu kwenye mashine.

Mnaona? Nyumba tatu za dini, na kila moja imejenga ukuta karibu mahali pale pale. Usiue. Lakini pia usimzuie kwa nguvu anayekwenda.

Nisimame kidogo kabla ya kuendelea, kwa ajili ya yeyote kati yenu mwenye uzito moyoni. Ninayoyasimulia ni habari za wagonjwa ambao mauti yamekwisha wafikia mlangoni. Kijana anayeona giza, anayetamani asiwepo, hadithi yake ni nyingine kabisa. Giza la namna hiyo ni maradhi yanayotibika, na anayelipitia asikae nalo peke yake hata usiku mmoja. Amwambie mama, mjomba, mwalimu, nesi, yeyote aliye karibu. Rafiki yako akikunong'oneza siri ya namna hiyo, usiifiche. Mpelekee mtu mzima leo hii.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, maana dunia imesogea mbele ya mtungi wa mjakazi. Zipo nchi zinazoruhusu mgonjwa asaidiwe kufa. Katika jimbo la Oregon, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 1994, na sheria ikaanza kutumika mwaka 1997: mtu mzima ambaye madaktari wawili wamethibitisha kwamba amebakiwa na miezi sita au chini ya hapo anaweza, akishaomba zaidi ya mara moja, kuandikiwa dawa ya kumaliza maisha, nayo lazima ainywe mwenyewe. Uholanzi ilikwenda mbali zaidi mwaka 2002. Huko daktari mwenyewe anaweza kumpa mgonjwa dawa hiyo, ikiwa mateso hayavumiliki na hakuna tumaini la nafuu. Kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai.

Msidhani kwamba wanaotetea sheria hizo wote ni watu wasiomjua Mungu. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini mnamjua, yule aliyepambana na ubaguzi wa rangi akiwa na msalaba kifuani. Mwaka 2014 alisema waziwazi kwamba alivyotendewa Nelson Mandela katika mwisho wa maisha yake ilikuwa aibu: mzee hajiwezi, anawekwa mbele ya kamera na wanasiasa. Na mwaka 2016, alipokuwa akitimiza miaka 85, akiwa ameishi na saratani kwa muda mrefu, Tutu aliandika kwamba anayekufa anastahili kupewa hiari, na kwamba yeye mwenyewe angetaka awe nayo. Aliyasema hayo kama Mkristo. Kwake huruma ya Mungu haiwezi kumlazimisha mtu ateseke mpaka pumzi ya mwisho.

Nimemsikiliza Tutu kwa heshima, wala sithubutu kumwita mkosefu wa imani. Lakini ninapoitazama Afrika Mashariki yetu naingiwa na hofu, nayo naitamka wazi. Kwetu saratani huuza ng'ombe, halafu shamba, halafu bati za nyumba. Bibi aliyelala chumbani anazisikia hesabu zinazopigwa sebuleni. Siku akisema, "Wanangu, niacheni nife," nitajuaje kama amechoka na maisha au amechoka kuonekana mzigo? Na kama hajawahi kupewa dawa halisi ya maumivu, hiari yake ni hiari gani? Anayechagua kati ya kufa na kuchomwa moto hajachagua. Ndiyo maana nasema swali la kwanza kwetu si kama tumsaidie mgonjwa kufa. Swali la kwanza ni maumivu.

Hapo nina wanawake wawili wa kuwasimulia.

Wa kwanza ni Cicely Saunders wa Uingereza. Mwaka 1948 alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini London, akawa anamtembelea David Tasma, Myahudi mkimbizi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa saratani bila ndugu. Waliongea sana kuhusu mahali ambapo mtu angeweza kufa vizuri kuliko katika wodi yenye zogo. Tasma alipofariki alimwachia pauni 500, ziwe dirisha katika nyumba hiyo atakayoijenga. Cicely akarudi shule, akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice. Dirisha la Tasma lilikuwamo. Alifundisha jambo ambalo likielezwa linaonekana dogo: usingoje mgonjwa alie ndipo umpe mofini, ile dawa kali ya maumivu. Mpe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Naye, Mkristo aliyeishika imani yake, alipinga sheria za kusaidiwa kufa mpaka alipofariki mwaka 2005.

Wa pili ni Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa mtawa. Alishiriki kuianzisha Nairobi Hospice mwaka 1990, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala akiwa na fedha za miezi mitatu tu. Vidonge na sindano za mofini vilikuwa ghali. Yeye na wenzake wakatumia unga wa mofini unaochanganywa na maji, ukatiwa dawa ya kuuhifadhi usiharibike, pamoja na rangi ili nguvu zake zisichanganywe: kijani ndiyo ya nguvu ndogo. Mgonjwa anakunywa kidogo kila baada ya saa nne, nyumbani kwake, kitandani kwake. Watu waliogopa kwamba wagonjwa watakuwa waraibu. Hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe, dawa ikitolewa kwa kipimo na kwa uangalizi. Lakini vijijini madaktari walikuwa haba, na sheria iliwataka wao peke yao waiandike. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha: wauguzi na matabibu waliosomea huduma hiyo wakaruhusiwa kuandika mofini. Mara nyingi Uganda hutajwa kuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Maumivu yakitulia, mgonjwa huanza kutaka vitu. Anataka uji. Anataka yule mdogo wake waliyegombana aitwe. Anataka padri, au shehe, au redio.

Sisemi kwamba mofini inamaliza kila swali. Wapo ambao hata ikiwafikia bado wanateseka, na wapo ambao hofu yao si maumivu bali kupoteza akili na heshima. Kwa watu hao maneno ya Tutu yanabaki na nguvu yake yote, nami sina jibu la kuwanyamazisha nalo. Lakini wao tutawasikia vizuri wale wengine wakishapata dawa.

Kwa hiyo siku nyumbani kwenu kukiwa na mgonjwa wa namna hii, nanyi mkaambiwa hospitali haina la kufanya tena, kaeni na wakubwa wenu muulize kwa adabu. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu mgonjwa wa namna hii, iko wapi karibu na hapa? Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nairobi na Kampala zipo zile hospice nilizozitaja. Muulizeni nesi: anapata mofini? Kila baada ya saa ngapi? Usiku ikiisha tumpigie nani?