Undugu Bila Daftari

Wahenga walituachia usia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Lau wangaliishi hadi zama hizi, ambapo mtoto huzaliwa Ndabibi na kuajiriwa Minnesota, pengine wangaliongeza kwamba undugu nao, usipoandikwa, hukosa wa kuushuhudia. Nasema hivyo kwa sababu kila niketipo na wazee hapa kwetu, kati ya Ziwa Naivasha na vilima vya Eburru, sikosi kuulizwa swali moja: "Mwalimu, mwanangu yuko Marekani na makaratasi anayo. Mbona hanichukui?"

Swali hilo hubeba uchungu na, aghalabu, lawama. Mwana hushukiwa kuwa amewasahau waliomzaa; ubalozi ulioko Gigiri nao hushukiwa kuwabagua maskini. Nionavyo mimi, mara nyingi kikwazo hakiko Marekani wala Gigiri. Kiko hapa hapa petu: ni kuzaliwa kusikoandikishwa, ndoa isiyosajiliwa, na jina lililoandikwa kwa namna tatu katika vyeti vitatu.

Tuanze na sheria yenyewe. Mnamo mwaka 1965 Marekani iliufuta utaratibu wa kugawa nafasi za wahamiaji kwa kutazama taifa la asili, utaratibu uliowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi. Tangu hapo undugu umekuwa mlango mkuu wa kupatia ukaazi wa kudumu. Hata hivyo, ni undugu kama wanavyoufasiri wao. Raia wa Marekani anaweza kumwombea mumewe au mkewe, mtoto wake aliye chini ya miaka 21 na ambaye hana ndoa, na wazazi wake iwapo yeye mwenyewe ametimiza miaka 21. Hao hawawekewi kikomo cha idadi kwa mwaka. Watoto wake waliovuka umri huo au walio na ndoa, pamoja na kaka na dada zake, hupanga foleni. Na foleni ya kaka na dada imepita miaka 15. Nyanya, shangazi, mjomba, binamu na mpwa hawana fomu yao kabisa.

Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu ambaye bado si raia, ana uwezo mdogo zaidi: mwenzi wake wa ndoa na watoto wake wasio na ndoa, basi. Mama yake mzazi hayumo. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mzee anayeniuliza swali lile. Makaratasi aliyo nayo mwanawe hayatoshi. Sharti kwanza awe raia. Kwa kawaida hilo hudai miaka mitano ya ukaazi, au mitatu kwa anayeishi na mwenzi aliye raia, kisha mtihani wa Kiingereza na wa historia na serikali ya nchi hiyo. Zamani Wakenya wengi walisita kuchukua hatua hiyo kwa kuwa sheria yetu ilimvua uraia mtu mzima aliyejipatia uraia mwingine. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliiondoa hofu hiyo: Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuomba arejeshewe.

Wanafunzi nao wana la kujifunza hapa. Kijana aliyeombewa na mzazi mwenye kadi ya kijani akifunga ndoa kabla ya kupata viza, ilhali mzazi huyo hajawa raia, ombi lake hufa. Arusi ya siku moja, yenye vigelegele na baraka zote za wazee, yaweza kufuta miaka mingi ya kungoja, na maarusi wasijue hadi siku ya mahojiano.

Ombi lenyewe huanzia Marekani kwa fomu iitwayo I-130, ambayo kazi yake ni kuthibitisha kwamba undugu unaodaiwa ni wa kweli. Likikubaliwa, faili hupelekwa katika Kituo cha Taifa cha Viza kilicho New Hampshire na kungoja zamu. Zamu ikifika huhitajika ada, fomu ya viza na hati ya udhamini, ambayo mwombaji huahidi kisheria kumkimu mgeni wake, akionyesha, kwa kawaida, kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko. Ahadi hiyo si maneno matupu. Humfunga hadi mgeni awe raia au afanye kazi kwa muda wa miaka ipatayo 10. Hatimaye huja uchunguzi wa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi wetu, na mahojiano Gigiri.

Msomaji atatambua kwamba katika safari hiyo yote hapana mahali panapoulizwa nani alimlea nani. Hapo ndipo mila zetu na karatasi zao hugongana. Wengi wa majirani zetu hufanya kazi katika mashamba ya maua yaliyolizunguka ziwa, na watoto wao hulelewa na nyanya kule walikotoka. Yatima huchukuliwa na shangazi na kumwita mama, wala hapana anayeona haja ya kwenda mahakamani. Kwa sheria ya Marekani, mtoto wa kulea huhesabiwa mtoto iwapo tu amepangwa kisheria kabla ya kutimiza miaka 16, na akakaa na mlezi wake miaka miwili. Mke wa pili naye, hata kama mahari yake yalilipwa mbele ya ukoo mzima, hatambuliwi.

Mgongano huo uliwahi kupimwa maabarani. Mnamo mwaka 2008 Serikali ya Marekani iliwapima chembe za urithi wakimbizi waliokuwa wakiomba kuungana na jamaa zao. Kazi ilianzia Nairobi kwa watu wapatao 500, ikaenea kwingineko Afrika hadi wakafika takriban 3,000, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Familia ambazo undugu wote uliodaiwa ulithibitika hazikufikia asilimia 20, ingawa waliokataa kupimwa walihesabiwa pamoja na wale ambao undugu wao ulikanushwa na vipimo. Mpango huo ulisimamishwa Oktoba mwaka huo huo, wala haukurejea hadi mwaka 2012. Walikuwamo wadanganyifu, sikatai. Lakini nani atakayeapa kwamba hawakuwamo pia watoto wa marehemu ndugu, walioandikwa "mwanangu" na mtu asiyekuwa na neno jingine la kuwaita? Waliokuwa wakweli walingoja miaka minne pamoja na wasiokuwa wakweli.

Fundisho langu hapo ni kwamba ukweli uandikwe jinsi ulivyo, hata kama haupendezi. Anayemwandika mpwa kuwa mwana kwa huruma, au kwa ushauri wa madalali wa viza, hamsaidii. Mwombaji anayepatikana kwamba ametafuta viza kwa uwongo katika jambo la msingi huweza kuzuiwa maisha yake yote kuingia Marekani, na msamaha wake hupatikana kwa taabu.

Sasa tuzitazame daftari zetu. Sheria yetu hutaka mtoto aandikishwe ndani ya miezi sita tangu kuzaliwa. Wangapi waliozaliwa nyumbani waliandikishwa kwa wakati? Wengi hukumbukwa mtihani wa kitaifa unapokaribia, na cheti kilichotolewa miaka 14 baada ya kuzaliwa humfanya afisa wa viza aulize maswali. Ndoa nazo ni vivyo hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliagiza kwamba hata ndoa za kimila zisajiliwe, ilhali bado tunadhani kuwa mbuzi waliotolewa ni ushahidi wa kutosha. Isitoshe, eneo letu limewahi kuungua. Watu waliofurushwa Enoosupukia Oktoba 1993 walikimbilia Maiella, jirani zetu, na wengine wakapoteza makao mjini Naivasha Januari 2008. Nyumba ikiteketea, vyeti huteketea nayo.

Katika hali kama hiyo, afisa hutafuta ushahidi mwingine wa kale: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na, walimu wenzangu, daftari la shule la kuandikisha wanafunzi. Ukurasa alioujaza mwalimu wa darasa la kwanza, ukionyesha jina la mtoto, la mzazi na tarehe ya kuzaliwa, huweza kusimama mahali pa cheti kilichokosekana. Huweza vilevile kumwangusha mwenye nacho. Mwalimu akimpunguzia mtoto mwaka mmoja, akiandika jina la mjomba penye jina la baba, au akisahihisha tahajia ya jina la Kimaasai au la Kikuyu kwa jinsi aonavyo yeye, humwachia mtoto huyo kesi atakayoijibu akiwa mtu mzima.

Kwa hiyo nawasihi walimu: jina linakiliwe kutoka cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, asiye na cheti, mzazi wake ahimizwe akamwandikishe muhula huo huo, si mwaka wa mtihani. Daftari kuukuu zisiachiwe mchwa na mvua. Wanafunzi nao walinganishe majina yao katika vyeti vyote wangali shuleni, maana kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi mzazi na chifu wakiwa hai na karibu.

Wengi wa watoto wetu hawatakwenda Marekani, wala si lazima waende. Lakini karatasi zile zile ndizo zitakazodaiwa siku ya kuchukua kitambulisho, siku ya kuomba basari, na siku ya kurithi ekari mbili za marehemu baba hapa hapa Ndabibi.