Namba za Damu kwa Mgonjwa wa Saratani ya Ini

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Karibu wewe uliye Nakivale, na wewe uliyepanga Nyamityobora, Mbarara. Leo tunazungumzia karatasi ya maabara ya mgonjwa wa saratani ya ini. Familia nyingi huona namba kubwa pale na kuanza maombolezo mgonjwa akiwa bado hai. Tusikimbilie huko. Tuzisome namba hizo.

Ya kwanza ni AFP, yaani alfa-fetoproteini. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi. Akishazaliwa, inashuka hadi kubaki kidogo sana. Mwaka 1963 Garri Abelev wa Moscow aliikuta kwa panya wenye uvimbe wa ini, na mwaka 1964 Yuri Tatarinov akaikuta katika damu ya watu wenye saratani hiyo. AFP ikiwa juu sana, mara nyingi ugonjwa ni mkali zaidi. Lakini saratani nyingine haitoi AFP kabisa, na mama mjamzito mwenye afya hupanda AFP. Kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi.

Kinachomsaidia daktari zaidi ni kulinganisha. Kwa mfano, kabla ya matibabu AFP ilikuwa 2,000, baada ya miezi michache ni 300. Hiyo ni dalili njema kwamba dawa inafanya kazi. Ikizidi kupanda, daktari huangalia picha za ini na kufikiria njia nyingine.

Namba mbili zinazofuata zinapima nguvu ya ini lenyewe. Albumini ni proteini inayotengenezwa na ini. Ikishuka, ini limechoka. Bilirubini ni ile rangi inayofanya macho kuwa ya njano. Ikipanda, ini linashindwa kuitoa. Mwaka 2015 watafiti waliziunganisha mbili hizi katika kipimo kiitwacho ALBI, chenye ngazi 3. Wa ngazi ya 1 kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi, na huvumilia matibabu vizuri kuliko wa ngazi ya 3.

Ya mwisho ni CRP, inayopanda mwili ukipambana na ugonjwa. Mwaka 2022 madaktari wa Ulaya walieleza kwamba wagonjwa wanaopewa dawa za kuamsha kinga ya mwili huwa na matumaini zaidi AFP ikiwa chini ya 100 na CRP chini ya 10. Sasa sikiliza vizuri, wewe wa huku kwetu: malaria nayo inapandisha CRP. Ukiwa na homa siku ya kupimwa, mwambie daktari.

Namba hizi zinatoka kwa wagonjwa wengi. Zinaonyesha uwezekano, hazijui siku ya mtu yeyote.

Basi tufanye nini? Kwanza, tunza karatasi zote katika mfuko wa plastiki, usiziache kunyeshewa. Ukienda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, beba na zile za zamani. Pili, angalia vipimo vya maabara, kwani maabara mbili zinaweza kuandika AFP kwa vipimo tofauti. Tatu, muulize daktari: "Ini lake lina nguvu kiasi gani? Namba zimebadilikaje tangu mara ya mwisho?"

Na wewe uliye mzima, kapime hepatitisi B, chanzo kikubwa cha saratani hii kwetu Afrika. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi hawakuipata. Ukikutwa huna, uliza chanjo. Ukikutwa nayo, zipo dawa za kupunguza virusi. Na mahindi au karanga zenye ukungu, usile: sumu yake inaharibu ini.

Mgonjwa wako akirudi na karatasi, kaeni pamoja muisome. Usiku mwema, na tuonane kipindi kijacho.

(Muziki unapanda)